Asubuhi Niliyoikwamisha Bunduki ya Baba

Nimefedheheka, jamani, na sitaki mtu anipoze kwa kuniambia ni jambo la kawaida, kwa sababu si la kawaida. Kuna fedheha ya kujikwaa mlangoni mwa duka, watu wawili wakacheka na mambo yakaisha, na kuna hii yangu mie, yenye sauti na picha, iliyoshuhudiwa na mama yangu mzazi, kaka yangu, wifi yangu na nusu ya ukoo wetu waliokaa chini ya hema wakinywa kahawa, na ambayo mpaka leo nikiingia arusini huko Bustan naona vichwa vya wanawake vikisogeleana kabla sijavua viatu. Basi bora niisimulie mwenyewe kuliko kumwachia wifi yangu Raya, ambaye kila akiisimulia ananiongezea maneno ambayo sikuyasema (na niliyoyasema yanatosha).

Mie ni mfamasia. Nna duka la dawa Azaiba, hapa Maskati, barabara kuu, watu wananiita Dokta Zuwena na mie sijapata kumsahihisha mtu. Kazi yangu miaka yote ni kupima vitu vidogo vidogo na kutokosea, na humo ndimo nilimopatia imani kwamba Maskati nzima hakuna anayejua kupima kama mie, na kwamba binadamu waliobaki wanaishi kwa kukadiria. Kiburi hicho kama kingebaki dukani kisingemdhuru mtu. Nikakibeba nikaenda nacho kwenye bunduki.

Kwetu kulenga shabaha ni jambo la ukoo. Marehemu baba alikuja kutoka Unguja akiwa kijana, akapata kazi serikalini, na wenzake wa kazini ndio waliomfundisha kupiga shabaha, akanunua bunduki yake ya zamani yenye kibali na akawa anatuchukua sote wawili, mie na kaka yangu Mundhir, bila ya kubagua kwamba huyu msichana. Alipofariki, bunduki ilibaki kabatini kwa Mundhir, mtutu umeliwa kwa ndani, risasi ikitoka inakwenda inakotaka yenyewe. Mundhir akasema iachwe kama ilivyo, iwe kumbukumbu. Mie nikasema kumbukumbu gani hiyo ya chuma kibovu, itengenezwe ipigwe kama baba alivyokuwa akiipiga. Tukabishana, kila Ijumaa baada ya chakula, nyumbani kwa mama Mabela, mpaka mama akachoka.

"Zuwena aitengeneze," mama akasema. "Ikisha kuwa tayari mtakuja mpige mbele yangu. Atakayempita mwenzake, kibali kiandikwe jina lake, na nisisikie tena khabari ya bunduki mezani kwangu."

Sasa hapo mtu mwenye akili timamu angekwenda kwa fundi akamwambia nitilie mtutu wa saizi ya kawaida, risasi zake ziko dukani, khalas. Mie sikutaka. Niliona wanaume wa klabu yetu ya shabaha wote wana bunduki ya aina moja, wananunua risasi za aina moja, wanakosa kwa namna moja, kisha wanaulaumu upepo. Nikataka kitu ambacho hakuna aliyenacho. Nikasoma usiku na mchana, nikaangukia risasi moja ya kuwindia, ya zamani sana, jina lake namba tupu, sita na nusu kwa hamsini na nne, iliyobuniwa Ulaya kwa ajili ya watu wanaofuata paa wa milimani kwenye theluji. Mie niko Maskati. Theluji naiona kwenye friji. Na kuwinda kwetu ni marufuku, kwa hivyo mnyama pekee niliyekusudia kumpiga kwa risasi hii adhimu alikuwa karatasi yenye duara jeusi.

Fundi bunduki, anaitwa Murad, mtu mwenye leseni na karakana safi kuliko jiko langu, akaniuliza, "Risasi zake utazipata wapi, Dokta?"

Nikamwambia nitajaza mwenyewe. Akanitazama kama ninavyomtazama mie mteja anayeingia dukani na kuniambia ameshajitibu kwa simu, akaandika anachoandika.

Mtutu ulichukua miezi kufika. Ulipofika Murad akaufunga kwenye mwili ule ule wa bunduki ya baba, na komeo lile lile la kuingizia na kufungia risasi ambalo mkono wa baba umeling'arisha, na kitako kipya cha mti wa jozi nikakichukua nyumbani nikawa nakipaka mafuta kwa kiganja kila magharibi nikiwa nimekaa na watu sebuleni, mpaka mume wangu Khalfan akaniuliza kama nitapenda kiwekewe na sahani ya chakula.

Kisha ikaja kazi ya kujaza risasi, ambayo klabu inaruhusu ndani ya chumba chake tu, na baruti inafungiwa na msimamizi wa uwanja, Abu Hilal, askari mstaafu asiyependa maneno. Kazi yenyewe nikwambieni ilivyo, maana bila hiyo hamtanielewa. Unachukua ganda la shaba lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unalibana kwenye mashine lirudi umbo lake, unalitia fataki mpya chini, kile kidude kinachopasuka na kuiwasha baruti, unapima baruti unaimimina, kisha juu unakandamiza kichwa cha risasi. Ukimaliza unakwenda uwanjani unapiga, unatazama matundu kwenye karatasi, unarudi kubadilisha kipimo. Wiki za mwanzo matundu yangu yalitawanyika kama tetekuwanga. Nikapunguza, nikaongeza, nikaandika, nikapima upya, na siku moja yakakusanyika pamoja hata nikaweza kuyafunika kwa sarafu. Niliipiga picha ile sarafu nikamtumia kila mtu ninayemjua, hata daktari wangu wa meno.

Na niliwadharau watu, wallahi. Niliwadharau kwa moyo mkunjufu. Mundhir alikuwa na bunduki yake ya kawaida na boksi la risasi za dukani lililokunjika pembe, analiweka chini ya kiti cha gari pamoja na maji ya chupa na viatu vya mpira, na kila nikiliona nilikuwa namuuliza mbele ya watu, "Kaka, humo ndani unajua kuna nini, au unaamini tu?" Yeye akawa anajibu, "Naamini tu," na anaendelea kula tende zake. Mie nikichukulia kwamba nimemshinda.

Basi Alkhamisi, kabla ya Jumamosi ya mashindano yetu mbele ya mama, nilikwenda klabuni alasiri kujaza risasi za siku ile, na wifi yangu Raya, mke wa Mundhir, akanifuata ati anataka kuona. Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi mmoja, mdogo, ambao ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma ningemkata mkono aliyeufanya. Niliamua nirekodi video niipeleke kwenye grupu la familia, ili wapate kuona kazi ya mtu anayejua anachokifanya.

Nilikuwa na vibao viwili vya matundu mbele yangu, kimoja kina maganda yaliyokwisha kutiwa baruti, kingine kina maganda yenye fataki tu, ndani hamna kitu, yanasubiri zamu yake. Raya akashika simu, akasema, "Wifi, hapo kuna kiza, uso hauonekani." Nikasogeza vibao dirishani, nikavipanga vizuri, nikajitazama kwenye simu, nikaurekebisha mtandio, nikaanza kuhutubia. Nikasema hivi (nayakumbuka kwa sababu nimeyasikia mara nyingi tangu siku ile), "Wanunuzi wa dukani hawajui kilichomo ndani ya risasi zao. Mie kila moja nimeipima kwa mkono wangu." Na huku nasema, mkono wangu huo huo unachukua ganda baada ya ganda na kulikandamizia kichwa, kutoka kwenye kibao kisichokuwa na baruti.

Video ilipomalizika nikaendelea na kibao cha pili, chenye baruti, nikajaza risasi nyengine mpaka boksi likajaa. Na yakabakia, wenzangu, ndani ya kibao, maganda kadhaa yenye baruti ambayo hayakupata kichwa. Sasa mtoto wa darasa la pili angejiuliza kwa nini yamezidi. Mie niliyatupia jicho, nikajisemea nimepima ya ziada, ndivyo walivyo watu makini, nikairudisha baruti kwenye chupa yake na kumkabidhi Abu Hilal, nikaenda zangu kunywa chai na Raya. Kwenye boksi zilikuwemo risasi nzima na risasi hewa, zimechanganyika, zote zinameta sawasawa.

Jumamosi asubuhi mapema tukakusanyika uwanjani, ng'ambo ya Mabela nyuma ya vilima, kabla ya jua kukasirika. Nilitarajia mama na Mundhir na Raya, nikakuta hema. Mama alikuwa amewaambia dada zake, dada zake wakawaambia wakwe zao wa Bustan, na kila mmoja amekuja na birika la kahawa na kontena la halwa, kwa sababu wote walikuwa wameiona video na wote walitaka kumwona Dokta Zuwena. Nilifurahi. Nilitembea mbele ya lile hema taratibu, bunduki imo kwenye mkoba wake mpya, kama mtu anayepita mbele ya gwaride.

Mundhir akapiga mwanzo. Alipiga kama anavyopiga siku zote, si vizuri si vibaya, risasi moja pembeni, nyengine karibu, akarudi akakaa. Mama akauliza, "Ndiyo imekwisha?" Raya akamwambia ndiyo, sasa zamu ya Zuwena.

Nikalala kwenye mkeka, nikatia risasi ya kwanza, nikavuta pumzi. Ikapiga katikati. Abu Hilal akatazama kwa darubini, akainua kidole gumba. Ya pili ikaingia ubavuni mwa ya kwanza. Chini ya hema nikasikia mtu anasema mashaallah, na mie nilijitia kutosikia. Sikuwa na haja ya ya tatu, ningeweza kusimama nikamwambia mama nimechoka na ushindi ungekuwa wangu. Nikatia ya tatu.

Nikabonyeza. Bunduki haikulia. Ilitoa sauti ndogo, tup, kama kizibo cha chupa ya dawa ya kikohozi. Bega langu halikusukumwa, wala karatasi haikupata tundu.

"Subiri," Abu Hilal akasema. "Usifungue."

Nikasubiri kidogo, halafu (kwa sababu watu walikuwa wanatazama) nikafungua komeo. Ganda likatoka, jeusi kidogo mdomoni. Mtu aliyekuwa anawadharau wengine kwa kutojua kilichomo ndani ya risasi alipaswa kujiuliza kichwa kimekwenda wapi, kama hakikufika kwenye karatasi. Mie nikageukia hema nikasema kwa sauti ya dukani, ile ya kuwaambia wateja kwamba kosa ni la kiwanda, "Fataki mbovu. Siku hizi hawatengenezi vizuri." Nikachukua ya nne.

"Zuwena," Mundhir akaniita. Alikuwa ameshasimama. "Iweke chini hiyo."

"Kaa, Mundhir. Zamu yako imepita."

"Kichwa kimebaki ndani ya mtutu. Iweke chini."

Na hapa ndipo linapokuja neno ambalo Raya huliongezea chumvi, lakini asili yake ni langu. Nilimwambia, mbele ya mama, mbele ya wakwe wa Bustan, "Unaogopa bunduki ya baba isikutoke." Nikaisukuma ile risasi ndani. Haikuingia mpaka mwisho. Komeo likagoma. Mtu mwenye akili chuma kikigoma huwa anauliza, mie nikalipiga kwa kiganja, kama droo ya meza iliyovimba kwa unyevu, mara moja, na mara ya pili, na Abu Hilal akaniwekea mkono wake mzito juu ya wangu, akaichukua bunduki, akaielekeza kwenye kilima. Hakupiga kelele. Ingekuwa bora angepiga.

Akalivuta komeo kwa nguvu. Ganda likatoka peke yake, kichwa chake kimebaki ndani, kimejikita nyuma ya kile cha kwanza. Akaliinua lile ganda juani mbele ya watu wote, kisha akalipindua kwenye kiganja chake kilichofunguka, kama mtu anayemimina sukari.

Hakikutoka kitu.

Akaligonga kidogo kwa kidole. Hakikutoka kitu.

"Baruti iko wapi, Dokta?" akauliza, na swali lenyewe alikuwa analiuliza kwa dhati, hana kejeli.

Nilikuwa nimeinuka nimepiga magoti kwenye mkeka, mchanga umenijaa mikononi, na nikiwa natafuta jibu nikasikia nyuma yangu sauti ya mwanamke inasema kwa madaha, "Wanunuzi wa dukani hawajui kilichomo ndani ya risasi zao." Nikadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Ilikuwa ni sauti yangu mwenyewe. Bibi mmoja wa Bustan alikuwa amefungua ile video kwenye simu, sauti ameifungulia mwisho kwa sababu hasikii vizuri, na wenzake wamemzunguka, na mmoja wao anaonyesha kwa kidole, "Hebu tazama, hayo maganda anayoyashika ni matupu, ukisimamisha hapo unaona mpaka chini." Wakaisimamisha. Wakaikuza. Raya akasema, "Mie nilimwambia kuna kiza tu, sikumwambia abadilishe vibao," na akawa anajitetea kwa jambo ambalo hakuna aliyemtuhumu nalo.

Mtu mmoja akacheka puani, mwengine akamfuata, kisha hema lote. Dada zake mama walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia.

Mama hakucheka. Alikuja pale mkekani polepole, akaitazama bunduki mikononi mwa Abu Hilal, akamuuliza, "Ingelipiga, ingekuwaje?"

Abu Hilal akamwambia ukweli, kwamba risasi ya nne bahati ilikuwa hewa na komeo bahati halikufunga, lakini lau ingekuwa nzima na ikaingia, mtutu ungeweza kupasuka usoni kwangu. Nikamwona mama anaukusanya ukingo wa buibui kifuani, na tangu pale sikusikia tena kicheko cha mtu yeyote, ingawa walikuwa bado wanacheka. Nikamtazama Mundhir. Alikuwa amesimama vile vile, rangi imemtoka, na nikafahamu kwamba aliponiambia niiweke chini hakuwa anaifikiria bunduki hata chembe.

"Andikeni jina la kaka yenu," mama akasema, kama vile ana akina Zuwena wengi. "Na twendeni nyumbani, jua limepanda."

Wiki nzima iliyofuata sikwenda dukani bila ya kulipia kosa langu, maana khabari ilikuwa imeshafika Azaiba kabla yangu. Wateja wangu, watu ninaowapa dawa ya presha miaka na miaka, mmoja baada ya mwengine wanaishika kapsuli mbele ya taa, wanaitikisa karibu na sikio, wananiuliza kwa heshima zote, "Dokta, humu kuna dawa?" Mzee mmoja aliifungua moja akachungulia. Nilimwambia zimeharibika hizo ukifungua, akasema afadhali zake ziharibike zikiwa na kitu. Nilimpa nyengine. Nilistahiki.

Murad alivitoa vile vichwa viwili kwa upole, mtutu ukasalimika, akanikabidhi tu vile vichwa ndani ya kibahasha kama daktari anayemkabidhi mtu jiwe la figo. Kibali kikabadilishwa. Nikaipeleka bunduki kwa Mundhir mwenyewe, nikiwa nimejiandaa kwa hotuba yake, maana ningekuwa mie ningehutubia mpaka magharibi. Akaipokea, akalifungua komeo, akatazama ndani, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Risasi zake zinauzwa wapi?"

Nikamwambia haziuzwi. Si Maskati, si Sohar, si Salala. Akakaa kitako kwenye ngazi ya mlango, bunduki mapajani, na ndipo sote wawili tukafahamu nilichomfanyia.

Kwa hivyo sasa kila akitaka kupiga shabaha kwa bunduki ya baba, lazima anipigie simu. Tunakwenda klabuni pamoja alasiri, simu zetu tunamwachia Abu Hilal mlangoni, na mie najaza, simhutubii mtu, simfundishi mtu, sisogezi kibao hata kama jua linaniingia machoni. Nikimaliza kutia baruti nasita, kabla ya kukandamiza kichwa hata kimoja, na Mundhir anainama na kurunzi ndogo, anachungulia ndani ya kila ganda, moja moja, bila ya haraka, huku anatafuna tende. Inaudhi kupita kiasi. Akifika la mwisho anazima kurunzi na kunambia, "Endelea," na mie, Dokta Zuwena, naendelea.